USIMZIBE MDOMO MPELELEZI WA INJINI

Ndugu askari na polisi, yeyote kati yetu aliyepata kulinda kizuizi cha barabara kati ya Arua na Koboko anaufahamu ule mlio: gari la chini, lenye tabo, lililojitangaza kabla halijaonekana. Mara nyingi ni Subaru Impreza au Toyota Celica ya miaka ya 1990, na si ajabu mwenyewe akawa mwenzetu aliyejinyima miaka kadhaa ili alipate. Hatumlaumu. Celica ilishinda Safari Rally zaidi ya mara moja, na Impreza ya Colin McRae ikashinda mwaka 1997. Tunalolizungumza leo ni jinsi magari haya yanavyouawa gerejini kwa idhini ya wenyewe.

Mapenzi ya magari ya kasi si mapya West Nile. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, anakumbukwa kwa Citroën SM, gari lililotengenezwa Ufaransa kati ya 1970 na 1975. Lakini injini za siku hizo hazikuwa na njia ya kujua kama petroli iliyochomwa imezidi au imepungua. Njia hiyo ilikuja mwaka 1976, pale Volvo ilipofungiwa kifaa cha kampuni ya Bosch ya Ujerumani, kidogo kama plagi, kinachokaa kwenye bomba la moshi. Mafundi hukiita sensa ya oksijeni, nasi tutakiita hivyo, ingawa hakihesabu watu.

Sensa hii ni mpelelezi. Ikishapata joto la nyuzi 300 hivi hupima oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha hupeleka taarifa makao makuu, yaani kwenye kompyuta ya injini: karibu volti 0.1 petroli ikiwa chache, karibu volti 0.9 ikizidi. Kompyuta hupunguza au huongeza, ikilenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini ikiwa nzima, volti hizo hupanda na kushuka bila kutulia.

Sasa taa ya injini inawaka. Mwenye gari anaambiwa sensa imekufa, na waya unakatwa. Tangu saa hiyo kompyuta, isiyo na habari za mstari wa mbele, hufanya kazi kwa kukisia, na kwa kawaida hukisia kwa kuzidisha. Plagi zinaingia masizi, mshahara unaishia kwenye tangi. Wapo wanaodai kwamba kukata waya huongeza nguvu. Si kweli hata kidogo. Katika magari ya umri huo, mguu ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta huwa imekwisha acha kuisikiliza sensa.

Na mara nyingi mpelelezi hana kosa. Gasketi ya ekzosi iliyopasuka kwa mitikisiko ya barabara za vumbi huvuta hewa ya nje. Sensa huikuta oksijeni hiyo na kutangaza kwamba petroli ni chache, nayo kompyuta humwaga zaidi. Hapo dawa ni gasketi. Silikoni isiyofaa, inayopakwa ovyo kuziba mivujo, huweza kuilemaza sensa. Vivyo hivyo petroli yenye risasi (madini, si ya bunduki), ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006.

Kabla ya kukata, basi, uliza. Toyota nyingi za wakati huo zina kisanduku chini ya boneti. Ukiunganisha vituo TE1 na E1, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, taa hutoa namba kwa kupepesa. Mbili kisha moja, yaani 21, ni sensa ya oksijeni. Kwa Subaru, waya ziko chini ya usukani na namba ni 32. Hata hivyo namba huelekeza njia tu. Mita ya umeme, injini ikiwa moto, ndiyo itoe hukumu.

Chipu ni hatari zaidi. Ndiyo inayohifadhi hesabu za petroli na cheche, na kuna wanaoibadilisha ili tabo isukume zaidi. Ikumbukwe kwamba Subaru za tabo zilizouzwa Japani zilipangiwa petroli ya okteni 100 hivi, na pampu zetu kwa kawaida hazifiki hapo. Arua ilijua pia mafuta ya madumu, magendo ya kutoka Kongo yaliyouzwa kando ya barabara na vijana walioitwa OPEC. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huripuka kabla ya wakati wake. Ongeza msukumo wa tabo juu yake, pistoni hutoboka.

Anayenunua leo ananunua mkononi mwa mtu, maana mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Kabla ya kutoa fedha, washa ufunguo bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, huenda mtu ameshaichomoa balbu.