Jemadari na Askari Wake: Tathmini ya Mchezo wa Savage
Makala haya yanautathmini mchezo wa kompyuta uitwao Savage: The Battle for Newerth, uliotengenezwa na kampuni ya S2 Games ya Marekani na kutolewa mwaka 2003, ambamo binadamu hupigana na hayawani. Katika kila kikosi, mchezaji mmoja ndiye jemadari: huutazama uwanja kutoka juu na kuamua majengo na silaha, huku wenzake wakichimba dhahabu, wakijenga na kupigana. Mhakiki wa fasihi atamfananisha na msimulizi maizi. Lakini msimulizi huwamiliki wahusika wake. Jemadari huyu hana budi kuwashawishi, kwani kila askari ni mtu mwenye hiari, aweza kupuuza amri. Huo ndio utamu wa mchezo, na ndiyo ila yake: jemadari akizembea, mahodari hubaki na zana duni hadi ngome ianguke.