Kiingereza cha Njiani

Ndugu msomaji, ikiwa unakaa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, bila shaka unamjua mtu aliyepita Kasumbalesa siku hizi. Mmoja amekwenda Kitwe kununua vitu, mwingine amempeleka mgonjwa Ndola, mwingine anaendesha lori la shaba mpaka bandari ya Durban. Vijana wetu wanajifunza Kiingereza jioni nyuma ya kazi, na hiyo ni vizuri sana. Lakini wengi wanarudi wakilalamika: "Pastor, bale batu habasemi Kiingereza yenye tulisoma!"

Ni kweli, na tena si kweli. Wanasema Kiingereza, lakini ni Kiingereza kilichokaa kwao miaka mingi kikichanganyikana na Kibemba, Kizulu na Kiafrikaans. Usicheke. Kiswahili chetu cha migodi kilifanya vilevile. Mtu wa Zanzibar akitusikia tukiongea kwenye soko la Kenya, pale Lubumbashi, anajikuna kichwa.

Sasa sikiliza neno moja la muhimu. Lile neno usilolijua haliwezi kukudanganya. Ukisikia "salaula" sokoni Chingola, utauliza: ni kitu gani? Watakuonyesha nguo zilizokwisha kuvaliwa, zinazouzwa kwa rundo, maana kwa Kibemba ni kuchagua-chagua ndani ya rundo. Imekwisha. Shida iko kwa neno unalodhani unalijua. Hapo huulizi, unakwenda tu.

Mtu wa Zambia anakuambia anafika kwako kwa "footing". Wewe unayejua Kifaransa unafikiri anafanya mazoezi ya kukimbia asubuhi. Hapana. Anakuja kwa miguu, na mara nyingi ni kwa kuwa hana franga za usafiri. Mpe kiti na maji, usimsifu kwa michezo. Mwingine anasimama, anasema "I'm coming", halafu anatoka nje. Hapa sisi hatuangaiki, kwa sababu hata kwetu mtu anasema "nakuja" akiwa anakwenda. Mzungu ndiye anayeshangaa.

Ukishuka zaidi mpaka Afrika Kusini, mambo yanaongezeka. Nchi ile ina lugha 12 za serikali, tangu lugha ya ishara ilipoongezwa mwaka 2023, na Kiingereza chao kimekula katika sahani zote. Wanakuambia: "Pinda kushoto kwenye robot." Mkongomani anatafuta nini? Anatafuta zile mashine kubwa zenye umbo la mtu, zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013 kuongoza magari, kazi ya fundi wetu mama Thérèse Kirongozi. Anatembea, anatembea, haoni kitu. Kumbe "robot" kwao ni feu rouge tu! Zambia na Zimbabwe pia wanasema hivyo. Ndani ya taxi ya Johannesburg, ukitaka kushuka nyuma ya ile taa, unamwambia shofa "after robot". Ukitaka kushuka karibu na kona ya kushoto inayofuata, "short left". Na ukisikia "location", usifikiri ni nyumba ya kupangisha kama kwa Kifaransa. Ni mtaa wa watu weusi uliojengwa nje ya mji, wakati wa utawala wa ubaguzi na hata mbele yake.

Lakini hayo ni ya kucheka. Kuna mengine ambayo hayachekeshi.

Tuseme umefika kumtafuta rafiki wa baba yako, mzee mliyefanya naye kazi zamani. Unabisha mlango, mama mmoja anatoka. Unamuuliza mzee yuko wapi. Anakujibu kwa sauti ya chini: "He is late." Masomoni tulifundishwa kwamba hiyo ni kusema amechelewa. Basi unaketi, unatabasamu, unasema hakuna shida, utamngoja. Ee ndugu! Katika nchi zile za kusini, mtu akiwa "late" amekufa. Yule mama ni mjane, na wewe umekaa mbele yake ukingoja mume wake arudi. Neno hili moja, ba mama na ba papa, mulifundishe watoto mbele ya yote.

Pamoja na hilo kuna "shame". Katika kitabu ni haya, aibu. Lakini ukimwambia mtu wa Afrika Kusini kwamba umefiwa, atasema "Shame!" Hakutukani, anakupa pole. Na ukimwonyesha mtoto mchanga anaweza kusema neno lilelile, kwa maana ya kwamba mtoto ni mzuri na anamhurumia kwa udogo wake. Angalia uso wake, utaelewa.

Halafu hospitali. Familia nyingi za kwetu zinavuka mpaka kwa ajili ya ugonjwa, na huko ndiko neno dogo linaweza kuvunja moyo wa mtu. Unaona kibao kimeandikwa "Surgery" na jina la munganga. Mama mgonjwa anajua kwamba "surgery" ni kupasuliwa, anakataa kuingia. Mwambie: "Mama, usiogope, ni bureau ya munganga tu." Kule ni pale anapopokea wagonjwa, hata wa kikohozi. Lakini wakisema wanampeleka "theatre", usifikiri juu ya michezo: hapo ndipo kisu kinapofanya kazi, na ni lazima uulize mara moja ni operesheni gani, na karatasi unayotiwa kusaini inasema nini. Mlango wa "casualty" ni wa wagonjwa wa haraka na wa aksida. "Sister" si dada wa kanisa wala si masera wa Kikatoliki. Ni muuguzi aliyesomea kazi yake, na yeye ndiye wa kuuliza. Maneno haya mengi yalitoka Uingereza, yakabaki. Anayemsindikiza mgonjwa ayaandike kwenye karatasi akiwa bado nyumbani.

Kuna pia maneno ya kutoyabeba kabisa. Vijana wengine wakirudi wanaitana "makwerekwere" kwa mchezo. Si mchezo. Ni tusi la kumtaja mgeni Mwafrika. Katika mwezi wa 5 mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa kule katika fujo za kuwapiga wageni, zilizoanzia Alexandra, Johannesburg. Waliolisikia neno lile siku zile hawawezi kulicheka. Neno lingine linaanza na herufi K, na wazungu wa zamani walimwita nalo mtu mweusi. Sitaliandika katika gazeti la jamaa. Ujue tu kwamba mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo kwa kuwatukana polisi weusi kwa neno hilo. Kama mzee wa mgodi alikufundisha neno hilo bila ubaya, liache Kasumbalesa.

Nimeweka saa ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu wetu franga. Mwafrika Kusini akisema "just now", usishike mfuko wako kusimama. Tulisoma kwamba ni sasa hivi. Kwao ni baadaye: labda nusu saa, labda jioni. "Now now" ni karibu zaidi, lakini hata hiyo inaweza kumaliza sigara moja na mazungumzo mawili. Hawasemi uongo, ni namna yao, imetoka katika Kiafrikaans. Basi, kama mtu wa kukutolea mizigo anakuambia anakuja "just now", onyesha saa yako kwa kidole na uulize: "What time?" Akitaja namba, saa 3 ao saa 4, iandike mbele yake. Asipotaja namba, nenda ukale kwanza.