Ugali Unapokataa Kupita

Dalili huanza kama mzaha. Mzee aliyezoea kumaliza sahani ya ugali kwa mursik huhisi tonge limekwama kifuani. Hunywa maji likashuka, naye akasahau. Baada ya wiki kadhaa nyama haipiti, kisha ugali, kisha hata uji. Siku anapofikishwa hospitali nguo zinamning'inia, na kumeza mate yake mwenyewe ni kazi.

Hiyo ndiyo saratani ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni. Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, maradhi haya si mageni. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari karibu na mji wa Bomet mwaka 1937, wameyaona hata kwa vijana wasiotimiza miaka 30.

Wengi hufika wakiwa wamechelewa, uvimbe umeshaenea na kuukata hakusaidii tena. Wagonjwa wa aina hii ndio wanaowekewa stenti. Hiki ni kibomba kilichofumwa kwa nyuzi za chuma kama wavu, kikabanwa kikawa chembamba. Mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza, kisha daktari hupitisha mdomoni mrija unaopindika wenye kamera ili apime uvimbe unapoanzia na unapoishia. Stenti hupitishwa juu ya waya hadi mahali hapo na kuachiliwa. Hutanuka yenyewe, ikasukuma uvimbe kando na kufungua njia. Hakuna kisu wala kushonwa. Kwa fikira hiyo hiyo, madaktari wa ubongo nao hupitia ndani ya mshipa wa damu kutibu mishipa iliyofura, badala ya kufungua fuvu.

Kwingi kazi hii huongozwa na eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Daktari Russell White na wenzake wa Tenwek walionyesha kwamba yaweza kufanywa bila mashine hiyo. Mwaka 2009, jarida la Lancet Oncology lilichapisha matokeo yao: wagonjwa walimeza vizuri zaidi kuliko walivyokuja.

Hata hivyo, stenti haiponyi saratani. Yaweza kuteleza au kuzibwa na pande la nyama, ndiyo maana mgonjwa huambiwa atafune sana, ale akiwa ameketi wima na kuteremshia kwa kinywaji. Inachompa ni nafasi ya kula tena pamoja na jamaa zake kwa muda uliosalia.

Tumbaku na pombe huongeza hatari ya maradhi haya. Aidha, mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa vinywaji vya moto kupita digrii 65 huenda navyo vikayasababisha. Basi hata hapa kwenye chai yenyewe, kikombe na kipoe kidogo kwanza.

Na tonge likikwama mara ya pili, ndugu msomaji, usimpe mzee maji ukamwacha. Mpeleke apimwe. Anayewahi huenda akapasuliwa na kupona. Anayechelewa hubakia na stenti tu.