Spishi Moja, Sura Nyingi: Maisha ya Kipepeo Papilio dardanus na Haja ya Istilahi Sahihi za Kiswahili

Ikisiri

Papilio dardanus ni kipepeo wa misitu ya Afrika. Madume wake wana sura moja, ilhali majike, katika sehemu kubwa ya bara, wana sura kadhaa zinazofanana na vipepeo wa spishi nyingine wasiolika. Makala haya yanaeleza maisha ya spishi hii, namna ilivyotambuliwa kuwa ni moja, na masharti ya kimazingira yanayoziwezesha sura zake kudumu. Yanabainisha kwamba kitenzi 'kuiga', kilichozoeleka katika kulieleza jambo hili, huficha kisababishi chake, na yanapendekeza istilahi zitokanazo na 'kushabihi'.

1. Utangulizi

Mtu anayesimama ukingoni mwa msitu jua likiwa limechomoza, iwe Mabira nchini Uganda au Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, anaweza kumwona kipepeo mkubwa wa njano iliyopauka, mwenye ukingo mweusi na mkia katika kila bawa la nyuma, akipita kwa kasi. Punde baadaye, kivulini, anaweza kumwona mwingine mweusi mwenye mabaka meupe, asiye na mkia, akielea polepole juu ya vichaka. Akiulizwa, atajibu kwamba ameona vipepeo wa aina mbili. Jibu hilo ni la busara, lakini huenda si sahihi: wawili hao wanaweza kuwa dume na jike wa spishi moja.

Wataalamu nao walikosea hivyo hivyo kwa karibu karne nzima. Spishi hii ilipewa jina la kisayansi mwaka 1776, lakini baadhi ya majike wake waliendelea kuorodheshwa kama spishi zinazojitegemea. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyefanya kazi zake Afrika Kusini, alichapisha hoja kwamba vipepeo hao waliotofautiana mno walikuwa majike wa dume yule yule. Hoja hiyo ilipata upinzani hadi ilipothibitishwa kwa ufugaji: mayai ya mama mmoja yalitoa wana wa kiume wenye sura moja na wana wa kike wenye sura mbalimbali.

2. Makazi na mzunguko wa maisha

Papilio dardanus anapatikana kutoka misitu ya Afrika Magharibi hadi Ethiopia, na kuelekea kusini hadi Afrika Kusini, pamoja na Madagaska na kisiwa cha Ngazija. Jike hutaga yai moja moja juu ya majani ya mimea ya jamii ya michungwa, hasa ile ya msituni kama vile Clausena anisata na miti ya jenasi Vepris. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani na hupotea machoni katikati ya majani. Akisumbuliwa, huchomoza nyuma ya kichwa kiungo chenye ncha mbili na harufu kali. Pupa hujishikiza kwenye kijiti kwa uzi mwembamba na huonekana kama jani.

Kinga hizo zote ni za utotoni. Kipepeo kamili hana sumu ya kutegemea, na ndege humla. Hapa ndipo sura za majike zinapopata maana.

3. Ushabihi unavyofanya kazi

Katika misitu hiyo hiyo wanaishi vipepeo wa jenasi Amauris na Danaus, ambao viwavi wao hula mimea ya jamii nyingine, mingi ikiwa na utomvu mweupe wenye sumu. Vipepeo hao huwa wachungu au wenye madhara kwa ndege. Ndege mchanga akimla mmoja hutapika au humtema, na tangu hapo huikwepa rangi ile. Jike wa dardanus aliyezaliwa na sura nyeusi na nyeupe hufanana na Amauris niavius. Mwenye rangi ya chungwa hufanana na Danaus chrysippus. Wengine hufanana na Amauris echeria. Kila mmoja hunufaika na funzo ambalo ndege alilipata kwingine.

Faida hiyo ina sharti. Washabihi wakiwa wengi kuliko wale wanaoshabihiwa, ndege atakutana na chakula kitamu mara nyingi kuliko kichungu, na funzo litafifia. Takwimu zilizochapishwa na E. B. Ford mwaka 1936 zinalionyesha jambo hili ndani ya kanda yetu. Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, vipepeo wachungu walikuwa wengi mara kadhaa kuliko majike wa dardanus, na majike wenye sura isiyokamilika walikuwa wachache sana. Karibu na Nairobi, ambako vipepeo wachungu walikuwa haba, takriban thuluthi moja ya majike walikuwa na sura isiyolingana vyema na ya spishi yoyote chungu. Pasipokuwa na wa kumshabihi, usahihi wa sura haulindwi. Madagaska na Ngazija, majike wote hufanana na madume, mikia ikiwemo.

4. Sura hurithiwa, hazibadilishwi

Msomaji aliyezoea habari za kinyonga anaweza kudhani kwamba jike huyu hugeuza rangi kulingana na mahali alipo. Sivyo. Sura yake huamuliwa tangu utungisho wala haibadiliki maishani mwake. Majaribio ya Cyril Clarke na Philip Sheppard huko Liverpool, waliozalisha vipepeo wa maeneo mbalimbali ya Afrika, yalionyesha kwamba sura kuu hutawaliwa na eneo moja la kromosomu lenye matoleo kadhaa, baadhi yakiwa na nguvu juu ya mengine. Dume hubeba matoleo hayo na kuwarithisha binti zake, ingawa mwenyewe hayaonyeshi. Tafiti za karne hii zimeliweka eneo hilo karibu na jeni iitwayo engrailed.

Kwa washauri wa sera wanaouliza faida ya kuchunguza vipepeo, itoshe kukumbusha kwamba Clarke alikuwa tabibu. Uzoefu wake wa urithi wa vipepeo ulimwelekeza kwenye urithi wa makundi ya damu ya Rhesus, na katika miaka ya 1960 kundi lake lilichangia kupatikana kwa sindano ya kinga kwa akina mama ambao damu yao haipatani na ya watoto wao.

5. Tatizo la kitenzi 'kuiga'

Kwa Kiswahili, jambo hili huelezwa kwa maneno 'kuiga', 'mwigaji' na 'uigaji'. Mtoto humwiga mzazi, na mchekeshaji humwiga mwanasiasa: aigaye ameona, amekusudia na amejitahidi. Jike wa dardanus hakufanya lolote kati ya hayo. Walioteua sura yake ni ndege, kwa kuwala wasiofanana na vipepeo wachungu katika vizazi vingi. Kitenzi 'kuiga' humpa kipepeo nia na kumwondoa ndege katika maelezo. Na ndege akiondoka, uteuzi asilia nao huondoka.

Kitenzi 'kushabihi' hakina kasoro hiyo, kwani hutaja hali bila kudai nia. Tunapendekeza 'ushabihi kinga' kwa jambo lenyewe, 'mshabihi' kwa kiumbe anayenufaika, na 'mshabihiwa' kwa yule mchungu. Istilahi hizi tatu zinatokana na mzizi mmoja, na uhusiano wao unaonekana katika maumbo yake. Kwa tofauti za ndani ya spishi, neno 'sura' linatosha, likitengwa kabisa na 'aina', ambalo katika matumizi ya kawaida hugongana na 'spishi'.

6. Hitimisho

Tofauti hii ina athari za kivitendo. Mkaguzi wa msitu anayehesabu sura kama spishi atatoa orodha iliyovimba. Mkulima anayefuga vipepeo, kama wale wa mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 kandokando ya Arabuko-Sokoke, akiona mabinti wa mama mmoja wametoka na mabawa yasiyofanana, anahitaji maneno ya kumweleza kwamba mayai hayakuchanganyika. Na mpango wa hifadhi unaolinda miti ya kiwavi wa dardanus pekee utasahau mimea ya mshabihiwa, ambayo bila hiyo sura za majike hukosa kinachozidumisha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba vyombo vya usanifishaji istilahi katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki viwaweke wanabiolojia na wanaisimu katika meza moja kabla ya msamiati wa bayoanuwai kuingizwa vitabuni. Istilahi ikikosea kisababishi, ufafanuzi mrefu utakaofuata utatumia nguvu zake kuirekebisha.