Pikipiki ya Theluji (3): Gurudumu la Nyuma Hukuzwa kwa Nini?

Katika sehemu iliyopita tuliufuata mwendo kutoka kwenye injini hadi kwenye magurudumu ya meno yaliyo mbele, yale yanayouzungusha mkanda wa mpira. Leo tunahamia mkiani, mkanda unapogeuka kurudi mbele. Hapo pana magurudumu mawili, pengine matatu au manne, kwenye ekseli moja. Hayasukumwi na injini, yanabiringika tu. Mengi hutoka kiwandani yakiwa na kipenyo cha sentimita 18 hivi, lakini wako madereva wengi wa Kanada na Marekani wanaoyang'oa na kufunga ya sentimita 20 au hata 25. Wanatafuta nini?

Anayetazama juujuu atadhani kazi ya gurudumu hilo ni kuuzuia mkanda usining'inie. Tuifuate nguvu yenyewe tuone. Meno ya mbele yanapozunguka huuvuta upande wa juu wa mkanda. Upande huo wa juu unalizunguka gurudumu la nyuma, na ni baada ya hapo tu ndipo mvuto unapoufikia upande wa chini unaokanyaga theluji. Kinachobaki kimelegea ni kile kipande kifupi cha chini, karibu na meno. Kwa hiyo dereva anapobana mafuta, nguvu yote ya kuisukuma mashine inapita kwenye kona ile ya nyuma, na kwa kuwa ekseli inavutwa na mkanda kwa juu na kwa chini pia, inabeba karibu mara mbili ya mvuto wenyewe. Kona ya namna hiyo si ya kudharauliwa.

Sasa tuutazame mkanda. Ndani ya mpira mna nyuzi imara za kuuzuia usirefuke, na fito za faibaglasi zimelazwa kutoka ubavu hadi ubavu ili usijikunje kwa upana. Nje yake yamesimama meno ya mpira ya kuchimba theluji. Kitu kama hicho hakipindi bure. Kikifika kwenye gurudumu, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Kikitoka, kinanyooka tena. Mpira nao haurudishi nguvu yote uliyopewa: sehemu yake inapotea kama joto. Katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri mpira unakakamaa, na hasara inazidi.

Chukua mkanda wa inchi 137, yaani meta tatu na nusu hivi. Mashine ikienda kilometa 100 kwa saa, kila sehemu ya mkanda inapita kwenye kona ile mara nane kwa sekunde moja. Gurudumu la sentimita 25 likichukua nafasi ya lile la 18, ukali wa pindo unapungua kwa zaidi ya robo. Ndiyo faida kuu ya gurudumu kubwa: injini inapoteza nguvu kidogo katika kuukunja mkanda, na mkanda wenyewe unachelewa kupasuka. Fundi wa mashine ya kusaga hahitaji hesabu hii. Anajua mkanda uliopitishwa kwenye puli ndogo mno haumalizi msimu.

Beringi nazo zinapumua. Kwa mwendo uleule, gurudumu la sentimita 18 linazunguka karibu mara 2,950 kwa dakika, la 25 mara 2,120 tu.

Mikanda ya mpira ni ya zamani kuliko pikipiki hii. Adolphe Kégresse, Mfaransa, aliifunga kwenye magari ya mfalme wa Urusi kabla ya mapinduzi ya 1917, na mwaka 1925 magari ya Citroën yenye mikanda yake yalifika Mombasa, yakiwa yamevuka Sahara na Kongo. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alipata hataza ya mfumo wake wa meno na mkanda mwaka 1937, na pikipiki yake ndogo ya theluji, Ski-Doo, ikatoka mwaka 1959. Mashine za awali za aina hiyo zilikaa juu ya safu za magurudumu madogo mengi. Baadaye zikaja reli mbili zilizovikwa plastiki ngumu, mkanda ukawa unateleza chini yake, na mengi ya magurudumu yale yakaondolewa. La nyuma likabaki, maana plastiki inaweza kuteleza pamenyooka lakini kwenye kona kali kama ile ingesagika upesi.

Je, basi kila mtu akanunue makubwa? Taratibu. Ukingo wa chini wa gurudumu lazima ubaki sawa na reli, kwa hiyo ukubwa wote wa ziada unapanda juu. Springi zikibonyea kwenye shimo, mkanda unaweza kugusa bati lililo chini ya kiti. Tena gurudumu kubwa linakula urefu wa mkanda, hivyo ekseli inabidi isogezwe mbele, wakati ekseli hiyohiyo ndiyo inayotumika kuukaza mkanda na nafasi yake ya kusogea ni finyu. Ongeza uzito wa mkiani, ambao springi hazisaidii kuubeba.

Kwa anayekimbia juu ya ziwa lililoganda, naona gharama hiyo inalipa. Anayepanda milima yenye theluji laini atafaidika hasa anaporudi nyuma, kwa kuwa gurudumu kubwa linaipanda theluji pale ambapo dogo lingejichimbia. Lakini anayejikokota kwenye njia za msituni aanze kwa kupima mkanda wake. Ukiwa umekazwa kupita kiasi, unakula nguvu ambayo gurudumu jipya haliwezi kuirudisha, na kuulegeza hakuhitaji zaidi ya spana.

Sehemu ijayo: plastiki za reli, na kwa nini huyeyuka theluji inapokosekana.