Ulinzi wa Bonde Huanzia Kilimani



Mvua kubwa inyeshapo Kigali, macho ya wengi huelekea Nyabugogo, ambako maji hufurika na wenye sare huitwa kusaidia kuokoa watu. Lakini mafuriko hayo hayaanzii bondeni. Huanzia juu, katika vilima vya Nyamirambo na Kimisagara, mahali ambapo udongo umenyimwa nafasi ya kunywa maji.

Udongo wenye afya una matundu madogo yaliyofunguliwa na mizizi, nyungunyungu na majani yaliyooza. Maji hupenya humo, hutulia, kisha huteremka polepole kuelekea vijito. Udongo ukishindiliwa kwa miguu na magari, au ukifunikwa kwa lami, saruji na mabati, maji hayana budi kutiririka juu, tena kwa kasi.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 40, humwaga lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mapaa mengi mno humwaga maji yake katika korongo la Mpazi, nalo huyafikisha yote Nyabugogo.

Mitaro ya saruji ni ya lazima, lakini peke yake huharakisha tu safari ya maji. Ndiyo sababu vinamasi vya jiji vinarudishiwa kazi yake ya asili, kama ilivyofanyika Nyandungu, ambako bustani ilifunguliwa mwaka 2022.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Udongo ulioshiba maji kwenye mteremko mkali huporomoka. Mwezi Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini. Kwa hiyo mashimo ya kunyweshea ardhi maji yasichimbwe karibu na kingo wala nyumba za mteremkoni. Huko ifaavyo ni miti, nyasi na matuta.

Kambi na vituo vina mapaa mapana na viwanja vilivyoshindiliwa kwa gwaride. Uwanja wa gwaride ubaki, lakini pembezoni mwake nyasi zioteshwe, na maji ya mapaa yakingwe katika matangi. Kazi hiyo yaweza kuanza Umuganda ujao, kabla mvua haijatutangulia.