Fahamu: Utumbo unapovuja baada ya upasuaji wa saratani

Daktari akishaondoa kipande cha utumbo mpana chenye saratani, mara nyingi huunganisha ncha zilizobaki. Kinachohofiwa zaidi ni kiungo hicho kuvuja, hasa katika wiki mbili za mwanzo. Homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuzidi kuuma: usisubiri asubuhi, rudi hospitali. Hatari hupanda kadiri kiungo kinavyokaribia njia ya haja kubwa, ndiyo maana wengine hutobolewa tundu la muda tumboni, kinyesi kitokee hapo na kuingia kwenye mfuko.

Mbali na kuvuja, waliokatwa puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) wanaweza baadaye kwenda chooni mara nyingi au kushindwa kujizuia. Neva za eneo hilo zikijeruhiwa, mkojo na tendo la ndoa huathirika. Mgonjwa na mwenza wake waelezwe haya kabla ya kutia saini fomu ya kukubali upasuaji, bila kuona aibu. Dawa, lishe na mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia.